Mwanasaikolojia wa shule Marekani: yapi ya kweli, yapi ya kuzua

Katika miji kama Louisville, Dallas, Boise na Grand Rapids, ambako familia nyingi za Kikongo zinazosema Kiswahili zimepewa makazi, kuna barua moja ya shule yenye uwezo wa kuwanyima wazazi usingizi. Inasema mwanasaikolojia wa shule anaomba ruhusa ya kumpima mtoto. Mzazi akishaisoma, au akishasomewa, simu zinaanza kupigwa: kwa shemeji aliyetangulia kufika, kwa mchungaji, kwa jirani ambaye mwanawe naye aliwahi "kuandikiwa". Majibu yanayorudi ni mseto wa ukweli, hofu, na mambo yaliyompata mtu mwingine katika jimbo jingine. Hapa tumeyachukua yanayosemwa sana, na kila moja tumelipa hukumu yake.

"Mtoto akiitwa na mwanasaikolojia, ana ugonjwa wa akili."

Uongo. Hofu yenyewe inaeleweka. Kwetu mambo ya saikolojia yamezoeleka kutajwa pamoja na hospitali za wagonjwa wa akili kama Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi au Sosame ya Bukavu, na hakuna mzazi anayetaka jina la mwanawe litajwe karibu na malango hayo. Lakini kazi ya mwanasaikolojia wa shule ilianzia kwenye daftari. Mwaka 1896, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, Lightner Witmer alifungua kliniki yake ya kwanza kwa sababu mwalimu mmoja alimletea mvulana aliyeshindwa kuandika maneno kwa usahihi ilhali mambo mengine aliyaweza. Witmer aligundua kuwa sehemu ya tatizo ilikuwa macho. Miwani ikapatikana, mafunzo ya ziada yakafuata.

Mpaka leo kazi kubwa ni hiyo hiyo: kujua kwa nini mtoto huyu, mwenye akili zake, hasomi kama wenzake, hakai kitini, hasemi darasani, au amebadilika ghafla. Mwanasaikolojia huketi nyuma ya darasa akatazama, huzungumza na walimu, humpa mtoto mafumbo, hadithi na hesabu, kisha huwauliza wazazi. Macho na masikio hukaguliwa pia, kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Dawa haandiki. Hiyo ni kazi ya daktari, na shule hairuhusiwi kumwambia mzazi kwamba mtoto lazima ameze dawa zinazodhibitiwa kisheria ndipo aingie darasani au apimwe.

Wengi humchanganya na watu wengine wawili wa jengo hilo hilo. Yupo mshauri wa wanafunzi, ambaye hushughulika na ratiba, masomo ya kuchagua na maandalizi ya chuo. Yupo pia mtu wa ustawi wa jamii, anayesaidia familia kupata mavazi, chakula au huduma za nje. Wote watatu hupiga simu nyumbani, na wote hujitambulisha haraka haraka. Muulize mtu cheo chake kabla hujaanza kujibu maswali yake.

"Shule inaweza kumpima mtoto wangu kimya kimya."

Uongo, kwa sehemu iliyo muhimu. Sheria kuu ya elimu ya watoto wenye ulemavu nchini Marekani ilitiwa saini na Rais Gerald Ford mwaka 1975, wakati Bunge lenyewe lilikiri kwamba zaidi ya watoto milioni 1 wenye ulemavu walikuwa wamefungiwa nje ya shule za umma. Tangu 1990 inajulikana kwa kifupi kama IDEA. Chini ya sheria hiyo, tathmini ya kwanza ya mtoto mmoja ili kuamua kama anahitaji elimu maalum haianzi bila ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Mitihani ya kawaida na vipimo wanavyofanyiwa watoto wote wa darasa haviombewi ridhaa ya namna hiyo. Hapo ndipo uvumi huota.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi kwa uwazi, au huambiwa kwa kasi ambayo mkalimani haifikii. Ridhaa ni mbili. Sahihi ya kwanza inaruhusu kupima tu. Matokeo yakitoka, na kikao kikisema mtoto anastahili msaada, sahihi ya pili ndiyo inayoruhusu msaada uanze. Ukikataa kupima, shule ya umma inaweza kwenda kwenye usuluhishi wa kisheria kuomba ipewe nafasi. Ukikataa msaada wenyewe, haiwezi. Na ukishakubali, ukaona miezi ikipita bila faida, unaweza kuiondoa ridhaa yako kwa maandishi.

Kwa hiyo mzazi anayeambiwa "tia sahihi hapa, ni karatasi ya kawaida tu" anayo haki ya kujibu: mwalimu, naomba niende nayo nyumbani, isomwe kwa Kiswahili, kesho nitairudisha. Hakuna utovu wa adabu hapo.

"Asiyejua Kiingereza hupelekwa elimu maalum."

Hili ndilo zito. Kisheria ni uongo. Kihistoria liliwahi kuwa kweli kabisa. Kwa maisha ya kila siku, bado linaweza kutokea, tena kwa pande mbili.

Tuanze na historia. Mwaka 1970, California, watoto tisa wa familia zenye asili ya Meksiko kutoka Monterey walifikisha kesi mahakamani kwa jina la mmoja wao, Diana. Walikuwa wamepimwa kwa Kiingereza, wakaonekana hawana akili za kutosha, wakawekwa madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili. Walipopimwa upya kwa Kihispania alama zao zilipanda. Kesi iliisha kwa makubaliano kwamba mtoto apimwe kwa lugha yake. Kanuni hiyo iliingia baadaye katika sheria ya taifa: mtoto apimwe kwa lugha na kwa njia itakayoonyesha kweli anachojua, na haruhusiwi kuitwa mwenye ulemavu ikiwa sababu kuu ni kutojua Kiingereza vizuri au kutowahi kufundishwa ipasavyo kusoma na kuhesabu.

Soma tena maneno ya mwisho, maana yanawahusu watoto wa kambi za wakimbizi moja kwa moja. Mtoto aliyekosa shule miaka miwili kwa sababu familia ilikuwa njiani kutoka Fizi, Kongo, hana ulemavu wa kusoma kwa sababu hiyo. Amekosa kufundishwa. Mwanasaikolojia anatakiwa kuvitenganisha vitu hivyo viwili, na hawezi kuvitenganisha kwa kipimo peke yake.

Vipimo vingi vya uwezo vimesanifiwa kwa kulinganisha na watoto waliokulia Marekani. Wastani huwekwa kuwa 100, na karibu watoto 68 kati ya 100 huangukia kati ya 85 na 115. Namba 78 ikitokea kwenye karatasi huonekana kama hukumu. Lakini mtoto akiulizwa maana ya vitu ambavyo hajawahi kuviona, au akiharakishwa na saa ya kuhesabia sekunde katika lugha anayoitafsiri kichwani, ile 78 inapima kitu kingine. Mwanasaikolojia mzuri analijua hilo na huandika tahadhari ndani ya ripoti. Asiyekuwa makini huiacha namba ijisemee. Mzazi anaweza kuuliza swali moja tu: kipimo hiki kilifanyika kwa lugha gani, na nani alitafsiri?

Lugha yenyewe ya mtoto ni mtihani mwingine. Fomu ya shule ina kisanduku kimoja, mzazi anaandika "Kiswahili", basi. Lakini mtoto aliyesoma Nyarugusu mkoani Kigoma alifundishwa kwa mtaala wa Kongo, yaani Kifaransa, huku akicheza kwa Kiswahili na jikoni akisikia Kibembe. Aliyesoma Kakuma alifuata mtaala wa Kenya, Kiingereza na Kiswahili. Aliyetoka Nakivale, Uganda, alikutana na Kiingereza mapema zaidi. Wapo pia wanaosema Kiswahili safi lakini hawajawahi kusoma ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na kuwapa kitabu cha Kiswahili ili "kuwatendea haki" ni kuwaonea upya. Habari hizi hazimo katika faili lolote la shule ya Marekani. Zimo kwa mama na baba. Kama hawakuzisema, mwanasaikolojia atajaza pengo hilo kwa kukisia.

Upande wa pili husahaulika, nao huumiza vilevile. Kuna shule zinazoogopa kosa la 1970 hadi zinakaa bila kufanya kitu: "Ni Kiingereza tu, tumpe muda." Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mtoto ambaye kweli ana shida ya kusoma, ambayo angekuwa nayo hata angebaki Uvira, anasubiri bure. Namna ya kupambanua ipo, na inaanzia nyumbani. Je, alichelewa kusema hata Kiswahili? Anasahau maagizo mepesi ya lugha ya nyumbani? Ndugu zake waliofika siku moja naye wanaendelea vizuri, yeye peke yake amebaki? Kama majibu ni ndiyo, usikubali kuambiwa kila mara kwamba ni suala la muda.

"Anaongea Kiingereza kunishinda, kwa hiyo lugha si tatizo tena."

Uongo. Kiingereza cha uwanjani hupatikana ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kile cha kitabu cha sayansi, kwa mujibu wa utafiti wa Jim Cummins unaofundishwa kwa walimu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, huchukua takriban miaka mitano hadi saba. Kiingereza cha haraka cha mtoto huwadanganya wazazi, na huwadanganya walimu pia.

"Maswali kuhusu nyumbani ni mtego wa kunipokonya watoto."

Kwa kiasi kikubwa uongo, lakini kuna ukweli ndani yake ambao si haki kuuficha.

Maswali mengi kuhusu nyumbani ni ya tathmini. Mimba ilikuwaje? Mtoto alianza kutembea lini? Aliwahi kuugua malaria kali, degedege, kuanguka? Wanalala wangapi chumbani, analala saa ngapi? Alishuhudia nini? Mama wa Kivu akiulizwa swali la mwisho na mtu asiyemjua, mbele ya meza yenye watu sita na kompyuta, hunyamaza. Ni haki yake. Anaweza kuomba kulizungumza faragha, au siku nyingine, au na mwanamke mwenzake. Lakini jibu lina maana. Mtoto anayeshtuka mlango ukipigwa kwa nguvu, asiyetulia, anayekosa umakini, anaweza kuonekana kama mwenye tatizo la utulivu la kuzaliwa, kumbe mwili wake bado uko macho kwa sababu ya yale aliyopitia. Msaada wa mmoja si wa mwingine. Wanaosema "alikuwa mdogo, hakumbuki" mara nyingi hukosea. Mtoto asiyeweza kuyasimulia anaweza kuwa bado ameyabeba.

Sasa ule ukweli. Mwanasaikolojia wa shule, kama walimu wote, analazimishwa na sheria kutoa taarifa akishuku mtoto anateswa au ametelekezwa. Hahitaji ushahidi, wala hana uhuru wa kunyamaza kwa huruma. Mtoto akionyesha alama za fimbo mwilini, simu itapigwa. Kuambiwa "kwetu ndivyo tunavyolea" hakuzuii simu hiyo. Taarifa si sawa na kunyang'anywa mtoto, na uchunguzi mwingi huisha bila mtoto kuondolewa. Afadhali familia ijue hilo kabla, kuliko kulijifunza siku maafisa wanapogonga mlango.

Kuhusu karatasi za uhamiaji: mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Plyler na Doe, iliamua kuwa shule ya umma haiwezi kumkatalia mtoto elimu kwa sababu hana hati za kuishi nchini. Kuuliza hati hizo si sehemu ya tathmini.

"Mtoto wangu mkubwa atatutafsiria, hakuna haja ya mkalimani."

Uongo, na ni desturi mbaya. Shule inawajibika kuleta mkalimani katika kikao cha kupanga msaada wa mtoto, bila malipo. Fikiria msichana wa miaka 14 akilazimishwa kumwambia baba yake kwamba mdogo wake ana upungufu wa akili, kwa maneno ambayo hata yeye hayaelewi, huku akijua baba atakasirika. Atalainisha. Ataruka. Hata mkalimani mtu mzima si lazima afae: aliyekulia Zanzibar na mama aliyetoka mji wa Baraka, Kivu, wote wanasema Kiswahili, ila si kila sentensi itafika. Mzazi akisema "huyu simwelewi vizuri", kikao kiahirishwe. Kuahirisha wiki moja kuna nafuu kuliko kusaini jambo la mwaka mzima.

Hapa niseme wazi maoni yangu. Adui mkubwa katika vikao hivi ni heshima yetu wenyewe ikiwekwa mahali pasipostahili. Tumelelewa kwamba mwalimu ndiye ajuaye, na mzazi mwenye adabu huitikia "ndiyo, asante mwalimu". Kwenye meza ile, ukimya husomwa kama kukubali. Sheria inamhesabu mzazi kuwa mjumbe wa kikao chenyewe. Hakualikwa kama mgeni wa kusikiliza taarifa.

"Akishawekewa mpango wa IEP, ameharibikiwa maisha."

Uongo. IEP ni mpango wa maandishi wa mtoto mmoja: anaweza nini sasa, afikie wapi ndani ya mwaka, nani atamsaidia, kwa muda gani kila wiki. Hupitiwa angalau mara moja kwa mwaka, na tathmini hurudiwa angalau kila baada ya miaka mitatu isipokuwa mzazi na shule wakubaliane kuwa haihitajiki. Mtoto anaweza kutoka humo. Theluthi mbili hivi ya wanafunzi wenye mpango huu hutumia asilimia 80 au zaidi ya siku yao katika darasa la kawaida pamoja na wenzao. Kumbukumbu zao ni siri kisheria tangu 1974, na mzazi akiomba kuziona shule ina siku zisizozidi 45 kumwonyesha. Kuomba nafasi chuoni hakumlazimishi mtu kutaja mpango huo.

"Mkorofi hufukuzwa tu, mwanasaikolojia hawezi kuzuia."

Si kwa mtoto mwenye mpango. Shule ikitaka kumwondoa kwa zaidi ya siku 10 za masomo kwa kosa la nidhamu, lazima kikao kikae ndani ya siku 10 za masomo na kuuliza kama kosa limetokana na ulemavu wake, au na shule kutotekeleza mpango. Mwanasaikolojia huwa na kauli nzito hapo. Jibu likiwa ndiyo, kwa kawaida mtoto hurudi darasani, na tabia yake huchunguzwa: ilianza saa ngapi, baada ya nini, alipata nini kwa kuifanya. Makosa ya silaha, dawa za kulevya na kujeruhi vibaya yana utaratibu wake mkali zaidi.

"Mwanasaikolojia yupo kila siku, ataona mwenyewe shida ya mtoto."

Laiti ingekuwa hivyo. Chama cha kitaifa cha wanasaikolojia wa shule kinapendekeza mmoja kwa wanafunzi 500. Hali halisi nchini kote ni zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, na wengi huzunguka shule mbili au tatu kwa wiki, muda wao ukimezwa na vipimo na ripoti. Mtoto mpole anayeketi nyuma, asiyegombana na mtu, anaweza kupita darasa la pili hadi la tano bila kuonwa na yeyote mwenye ujuzi huo. Mabinti wetu wakimya wamo wengi katika kundi hilo.

Kwa hiyo usingoje barua ya shule. Andika yako, hata kwa Kiswahili: jina la mtoto, darasa lake, kile unachokiona nyumbani, na ombi kwamba afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalum. Weka tarehe, piga picha ya barua kwa simu, ikabidhi ofisini. Shule ikikataa inalazimika kukujibu kwa maandishi na kutaja sababu. Ikikubali ikampima na wewe usiridhike na matokeo, unaweza kuomba tathmini ya mtaalamu wa nje kwa gharama ya wilaya ya shule. Wilaya italipa au itabidi ijitetee mbele ya msuluhishi. Kila jimbo lina kituo cha kuwasaidia wazazi kuelewa haki hizi, nacho hakitozi fedha. Na kumbuka kwamba muda wa kisheria wa kumaliza tathmini, ambao ni siku 60 pale jimbo lisipojiwekea muda wake, huanza kuhesabiwa tangu shule inapopokea ridhaa yako ya maandishi. Malalamiko ya mdomo mlangoni, hata yakirudiwa mwaka mzima, hayahesabiwi.